Namna ya kuandika riwaya nyepesi ya mapenzi ya mji mdogo yenye mbwa: mwongozo kamili

Msomaji anayechukua riwaya ya mapenzi yenye mbwa jaladani huwa ameshafunga mkataba na mwandishi kabla ya kufungua ukurasa wa kwanza. Anataka mambo matatu: wawili hao wapendane mpaka mwisho, yeye acheke njiani, na mbwa asife. Mengine yote mnaweza kuelewana. Romance Writers of America, chama cha waandishi wa riwaya za mapenzi kilichoanzishwa Marekani mwaka 1980, kiliweka masharti mawili tu: mapenzi yawe kiini cha hadithi, na mwisho uwe wa kuridhisha na wa kutia matumaini. Suala la mbwa hawakuligusa, lakini wasomaji wanalishikilia kwa meno. Ipo hata tovuti, Does the Dog Die, iliyoanza kwa ajili ya watu wanaotaka kujua mapema kama mbwa wa kwenye filamu anakufa.

Tatizo la vitabu vingi vya aina hii ni kwamba mbwa amewekwa awe pambo. Sura ya kwanza anamwangusha dada wa watu kwenye tope, kijana anakuja kumwinua, macho yanagongana, halafu mbwa anapotea mpaka siku ya harusi, anapoibuka na utepe shingoni. Katikati hapo kuna kurasa mia mbili ambazo hakuna anayejua mnyama alikuwa anakula wapi. Mimi nashika kanuni moja tu: mbwa ndiye anayesukuma msuko. Kila anapoingia, kuna mtu analazimika kufanya jambo ambalo asingelifanya. Ukimtoa mbwa na hadithi ikabaki imesimama, basi umeandika riwaya nyingine. Huenda ni nzuri, lakini mbwa mwondoe jaladani.

Nitatumia mfano mmoja kuanzia hapa mpaka mwisho: Neema, fundi viatu, Baraka, mpima ardhi aliyekuja mjini kwa mkataba wa miezi 6, na mbwa anayeitwa Hakimu.

Hatua ya 1: Mpe mbwa tabia moja yenye madhara

Wengi huanza kwa kuchagua mbwa wa aina gani, mwenye manyoya au asiye na manyoya, mkubwa au wa kubeba kwapani. Hayo yatakuja. Anza na tabia, na tabia hiyo ipimwe kwa maswali manne. Mbwa wa kweli anaweza kuifanya? Anaweza kuirudia mara nyingi bila kuchosha? Inawapeleka watu kwenye milango ya wenzao? Na je, inaweza kuzidi kadiri hadithi inavyosonga?

Hakimu anaiba viatu. Vya ngozi tu, na kila mara kimoja, cha kushoto, hajawahi kuchukua jozi. Havitafuni. Anavibeba mdomoni usiku na kuvitua mahali pengine, kwa mpango anaoujua mwenyewe. Hili linawezekana kabisa: ngozi ni ngozi ya mnyama, na kiatu kilichovaliwa kimejaa jasho la mtu, kwa hiyo kwa pua ya mbwa ni kitu cha thamani. Tabia hii ina faida kubwa kwa mwandishi. Kiatu cha huyu kinaamkia mlangoni kwa yule, na kwenye mji mdogo kiatu cha mwanamume mlangoni kwa mwanamke saa 12 asubuhi hakihitaji maelezo. Watu watayatunga wenyewe.

Tabia nyingine zinazobeba riwaya nzima: mbwa anayelala nyumba mbili kwa zamu, kila mwenye nyumba akiamini ni wake na amempa jina lake, mbwa anayemfuata kila siku mtu mmoja asiyempenda, mbwa anayekataa katakata kupita njia fulani, hivyo bwana wake analazimika kukatiza uani kwa jirani. Epuka mbwa shujaa anayeokoa watu kwenye moto, mafuriko na majambazi katika kitabu kimoja. Huyo ni wa hadithi ya kusisimua, na hapa atakunyang'anya wepesi.

Jina nalo lifanye kazi. “Hakimu kaniibia” ni sentensi inayochekesha kila inapotamkwa, bila mwandishi kutoa jasho, hasa kama mjini kuna hakimu wa kweli ambaye hajafurahishwa na jambo hilo.

Hatua ya 2: Wapendanao, na kinachowazuia

Kwa kila mmoja andika mistari mitatu: anataka nini, anaogopa nini, na mbwa anagusa nini katika hayo mawili. Ukikosa cha kuandika kwenye mstari wa tatu, rudi hatua ya 1 ubadilishe tabia ya mbwa.

Neema anataka kupanua kibanda chake kiwe duka. Anaogopa wapita njia, kwa sababu aliwahi kumngoja mtu aliyesema anarudi. Hakimu anamletea viatu, yaani anamletea kazi, na pamoja na kazi anamleta mwenye kiatu. Baraka yeye anataka kumaliza mkataba aende kwingine. Hajawahi kukaa mahali mpaka akatundika pazia. Mbwa si wake. Alimkuta kwenye nyumba aliyopanga, ameachwa na mpangaji wa kabla yake, na ameshatangaza kwamba ataondoka akiwa amempatia mtu wa kumlea.

Angalia kilichotokea hapo. Swali la “mbwa atabaki na nani?” limekuwa swali la “Baraka atabaki?” Sasa unaweza kuonyesha moyo wa mwanamume huyu bila kumfanya aukariri. Siku anapomnunulia mbwa bakuli la chuma badala ya kumlishia kwenye kifuniko cha sufuria, msomaji anaelewa kabla yake mwenyewe.

Kizuizi kiwe cha kweli. Kama tatizo lote lingeisha kwa kupigiana simu dakika mbili, msomaji atakasirika, na atakuwa na haki. “Nilimwona amemkumbatia mwanamke, kumbe ni dada yake” imeshatumika ikachakaa. Neema hataki kumpenda mtu wa miezi 6, na huyu ni mtu wa miezi 6. Wote wawili wako sahihi, na ndiyo maana hadithi inaweza kwenda mbali.

Hatua ya 3: Jenga mji unaosikia

Mji wako uwe wa kubuni. Mji wa kweli utakuletea wasomaji wanaojua kwamba barabara ile haipiti pale. Chora ramani kwa mkono, hata mbaya, yenye sehemu tano au sita ambako watu hukutana bila kupanga: njia panda, mahali pa kuteka maji au kununua mahitaji, ofisi moja, sehemu ya kukaa jioni, njia ya kwenda nje ya mji. Kisha pima kwa dakika za kutembea. Kama nyumba ya Baraka iko dakika 4 kutoka kibanda cha Neema kwenye sura ya 2, isiwe nusu saa kwenye sura ya 19 kwa sababu tu ulihitaji mvua iwanyeshee njiani.

Mji mdogo kwenye riwaya ya aina hii ni mhusika, na kazi yake ni kujua mambo mapema kuliko wenyewe. Wahenga wameshakuandikia msuko: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Watu wanaanza kuwahesabu Neema na Baraka kuwa wapenzi wakati bado hawajashikana mkono, na uvumi huo unawasukuma. Kwanza wanaukataa pamoja, na kuukataa pamoja ni kukutana. Kisha wanalazimika kupanga mbinu ya kuukomesha. Halafu siku moja uvumi unanyamaza, na mmoja wao anajikuta ameumia kwamba umenyamaza.

Wahusika wa pembeni wasizidi sita au saba wenye majina. Kila mmoja awe na maoni yake juu ya mbwa: kuna anayemfukuza kwa fagio hadharani na kumtupia chakula kwa siri, kuna anayemwogopa, kuna mtoto anayemjua kuliko wote. Usiandike kijiji cha watu wema watupu. Mtu mmoja awe na kinyongo cha haki kabisa, kwa mfano aliyepoteza kiatu kimoja cha jozi aliyoinunulia shughuli ya maana, na kiatu hicho kisipatikane mpaka sura ya mwisho.

Hatua ya 4: Panga msuko

Riwaya nyepesi za mapenzi kwa kawaida huangukia kati ya maneno 50,000 na 90,000. Chukua 60,000, yaani sura 30 za maneno 2,000 hivi. Kwa mwendo wa maneno 500 kwa siku, siku 5 kwa wiki, rasimu ya kwanza inakamilika kwa wiki 24. Ukiandika haraka zaidi, vizuri, lakini usipange mwendo usiouweza.

Sura 3 za mwanzo: wakutane. Mapema, na kwa kosa la mbwa. Mwaka 2000 watafiti wawili wa Uingereza, June McNicholas na Glyn Collis, walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba mtu anayetembea na mbwa huzungumzwa na watu wengi zaidi, hasa wasiomjua, kuliko akitembea peke yake. Kwa hiyo mbwa kuwakutanisha si hila ya waandishi, ndivyo ilivyo barabarani. Ila mkutano wenyewe uwe na kazi: watoke hapo kila mmoja akiwa na sababu ya kuonana tena na sababu ya kutotaka. Baraka anafuata kiatu chake. Neema ameshakitengeneza kisigino bila kuulizwa na anadai ujira.

Sura ya 4 mpaka ya 14: wasukumane karibu. Hapa ndipo vitabu vingi hulegea, kwa sababu mwandishi ana mwanzo na mwisho, katikati hana kitu. Dawa yake ni kuipandisha ngazi ile tabia ya mbwa. Kwanza kiatu cha Baraka. Kisha cha mwenye nyumba wake. Kisha cha mtu mzito mjini, kinachokutwa mahali ambapo mtu mzito huyo hakutakiwa kuwa. Sasa Neema na Baraka wana kazi ya pamoja ya siri: kurudisha viatu usiku kabla mji haujaamka. Kutembea wawili gizani mkiwa na gunia la viatu vya kushoto kunaleta mazungumzo ambayo mchana hayaji.

Sura ya 15, katikati kabisa: kitu kigeuke. Hapa nitakaa kidogo, maana katikati ikiwa nzuri kitabu kizima kinasimama. Asubuhi moja Neema anakuta kiatu cha Baraka mlangoni kama kawaida. Anakiinua. Hakina mate. Viatu vyote vya Hakimu huja vimelowa, ulimi wa kiatu umekunjika, kuna alama nne za meno kwenye ngozi ya nyuma. Hiki ni kikavu, na kamba yake imefungwa. Mbwa hakukileta. Mtu mzima, mwenye kazi ya kuheshimika, ameamka alfajiri akatembea na kiatu kimoja mguuni ili apate kisingizio cha kuja kukifuata. Neema hasemi kitu. Anakilowesha kwa maji kidogo ili amhifadhie heshima yake, na anapokuja anamkabidhi akisema, “Mbwa wako huyu.” Onyesho hilo ni ungamo la mapenzi kutoka pande zote mbili, na hakuna aliyetamka neno.

Sura ya 16 mpaka ya 22: wawe pamoja, na furaha iwe furaha kweli. Mpe msomaji kile alichokisubiri. Huku nyuma, tarehe ya mwisho wa mkataba inakaribia.

Sura ya 23 mpaka ya 26: mambo yaharibike. Kosa litokane na ile hofu ya hatua ya 2. Baraka, kwa nia njema, anampatia mbwa mlezi mji wa jirani kama alivyoahidi tangu mwanzo. Kwake ni jambo moja tu limekamilika. Neema akimwona Hakimu anapandishwa kwenye gari, anasoma kilichoandikwa: huyu anafunga mizigo. Hawagombani hata. Anarudi kushona soli.

Mwisho: mbwa kupotea ni njia iliyokanyagwa sana, na mimi siipendi inapokuwa mvua, radi na watu wenye tochi. Ukiitumia, ipite kwenye tabia yake. Siku ya tatu Hakimu anarudi mwenyewe, amechoka, amejaa vumbi, na mdomoni ana kiatu cha yule mlezi mpya. Hakukitua kwa Baraka. Amekitua kwa Neema. Baraka anapokuja kumtafuta, safari hii amevaa viatu vyote viwili, na ombi lake ni vibadilishwe soli, ngumu, za kudumu. Fundi anaelewa maana ya soli za kudumu.

Hatua ya 5: Mbwa awe mbwa

Wasomaji wa riwaya hizi wanaishi na mbwa. Ukikosea jina la mtaa watasamehe, ukikosea mbwa hawatasamehe.

Kutikisa mkia si furaha kila mara. Mkia uliolegea unaopepea pamoja na kiuno kizima ni furaha. Mkia uliosimama wima, mgumu, unaotikisika kwa haraka fupi ni mbwa aliye macho na pengine yuko tayari kuuma. Mbwa mwenye wasiwasi hupiga miayo, hulamba pua, hugeuza kichwa pembeni huku weupe wa jicho ukionekana. Ukitaka msomaji ahisi kwamba mgeni fulani si mtu wa kuaminika, miayo ya mbwa inatosha kuliko kunguruma.

Rangi anaziona, ila kwa ufinyu: bluu na njano anazipambanua, nyekundu na kijani zinamchanganya. Mpira mwekundu kwenye majani mabichi ataupata kwa pua. Jasho hutoka hasa kwenye nyayo, joto analipunguza kwa kuhema na ulimi nje. Mimba ni siku 63 hivi. Watoto huzaliwa wamefumba macho, hufumbua kati ya siku ya 10 na ya 14, na hawafai kutenganishwa na mama kabla ya wiki 8. Kwa hiyo shujaa wako hawezi kumzawadia mpenzi wake mtoto wa mbwa wa wiki tatu ndani ya kikapu. Atakuwa amejionyesha mjinga, na hukukusudia hivyo.

Chakula ni mtego mwingine. Chokoleti, zabibu mbichi na kavu, na vitunguu ni sumu kwa mbwa, na chokoleti kadiri ilivyo nyeusi ndivyo ilivyo hatari zaidi. Onyesho tamu la wapenzi wakigawana keki ya chokoleti na mbwa litamtoa msomaji kitabuni akiwa na hasira. Linaweza kukufaa ukiligeuza: mbwa kala mwenyewe mezani, na wawili waliokuwa hawasemeshani wanajikuta usiku kwa daktari wa mifugo wakingoja pamoja.

Kuhusu kuuma: mbwa akimuuma mtu kwenye riwaya yako, acha utani papo hapo. Kidonda huoshwa mara moja kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha mtu huenda hospitali kwa ajili ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Wahusika wako wafanye hivyo. Kama hutaki uzito huo kwenye kitabu chepesi, mbwa wako asiume.

Na kuna lile sura la hatia, masikio chini, macho juu. Mwaka 2009 mtafiti Alexandra Horowitz wa Marekani alilipima na kukuta kwamba mbwa hulionyesha zaidi anapokemewa, hata kama hakutenda kosa lolote. Hili ni dhahabu kwa mwandishi wa vichekesho. Asubuhi ile ya kiatu kikavu, Baraka anamgombeza Hakimu mbele ya Neema kwa wizi alioufanya yeye mwenyewe, na Hakimu, asiye na kosa hata moja, anashusha masikio kama aliyekamatwa. Mashahidi wote wanatikisa kichwa. Neema tu ndiye anayegeukia ukutani kuficha kicheko.

Hatua ya 6: Ucheshi na mazungumzo

Mbwa mwenyewe hachekeshi makusudi. Yuko kazini, na kazi yake anaichukulia kwa uzito. Kinachochekesha ni watu kujaribu kulinda heshima zao mbele yake. Soma kipande hiki cha sura ya 1:

Neema alifungua mlango akakuta kiatu. Kimoja, cheusi, cha mguu wa kushoto, kisigino kimelika upande wa nje. Alikitambua kabla ya kukiinua. Visigino vya namna hiyo mjini vilikuwa na mwenyewe mmoja tu, yule mgeni wa kupima viwanja, anayetembea kana kwamba anachelewa kuondoka.

Ng'ambo ya barabara, fagio lilinyamaza.

“Shikamoo, Mama Tunu.”

“Marahaba, mwanangu. Naona mgeni kaondoka na kiatu kimoja.”

“Si mgeni. Ni mbwa.”

“Haya,” alisema Mama Tunu, akaanza tena kufagia, polepole, mahali palipokwisha kufagiwa. “Siku hizi wanaitwa mbwa.”

Mbwa hayumo hata, lakini kazi yake imeonekana. Mama Tunu hajasema mzaha. Amesema maneno ya kawaida kwa sauti ya kawaida. Na kisigino kilicholika kimemtambulisha Baraka, kimeonyesha jicho la fundi, na kimetaja kizuizi chao, vyote katika sentensi moja. Ukiona kichekesho chako kinahitaji alama ya mshangao, kiandike upya.

Mapenzi nayo yapitishe kwa mbwa. Watu wawili wenye haya hupenda kusemeshana kupitia asiyejibu. “Hakimu, mwambie bwana wako viatu vyake viko tayari tangu juzi.” “Hakimu, mwambie fundi nilikuwa nakwepa deni.” Ukiyaacha mazungumzo ya namna hii yaende kwa sura kadhaa, siku wanapoacha kumtaja mbwa na kuitana kwa majina, msomaji atashtuka pamoja nao. Kuhusu mapenzi ya chumbani, amua mapema mlango utafungwa au utabaki wazi, na ushike uamuzi huo kitabu kizima. Kwenye riwaya nyepesi kuufunga hufaa zaidi, tena mbwa anaweza kuachwa nje akikwaruza, na sura ikaishia hapo.

Nafsi ya usimulizi: nafsi ya tatu, ukipokezana kati ya wawili sura kwa sura, inakufaa kwa sababu msomaji anajua anachojua kila mmoja na kucheka kabla yao. Nafsi ya kwanza inafanya kazi kama msimulizi ana ulimi. Kusimulia kwa mdomo wa mbwa sikushauri. Kurasa mbili ni burudani, sura tatu ni mateso.

Hatua ya 7: Daftari la mbwa, kisha kurekebisha

Rasimu ikiisha, iweke kando wiki kadhaa. Ukirudi, usianze na lugha. Anza na daftari lenye safu nne: sura, mbwa yuko wapi, nani kamlisha, kafanya nini. Utashangaa. Wapenzi wamesafiri siku mbili na mbwa kabaki ndani ya nyumba iliyofungwa. Wamekesha wanazungumza na mbwa hakutoka kukojoa. Kila tundu kwenye safu ya tatu ni barua ya malalamiko inayokusubiri, lakini pia ni nafasi: mtu aliyeombwa kumlisha mbwa ameingia nyumbani kwa Baraka, na mtu akiingia nyumbani huona vitu.

Safu ya nne ikiwa na sura tatu mfululizo ambazo mbwa “amelala tu”, zichunguze. Akilala afadhali alale juu ya kitu kinachotafutwa.

Kisha mazungumzo yote yasome kwa sauti. Mahali ulimi unapokwama, mhusika naye asingelisema hivyo. Punguza kila sentensi inayoeleza hisia ambayo tendo lilishaionyesha. Tafuta wasomaji wawili wa mwanzo: mmoja anayeishi na mbwa, na mmoja asiyewapenda kabisa. Wa kwanza atakukamata kwenye mikia na vyakula. Wa pili ndiye atakayekuambia kama hadithi ya mapenzi inasimama, maana hatadanganyika na manyoya.

Hatua ya 8: Jina, muhtasari, jalada

Jina la kitabu liahidi wepesi na limtaje au limdokeze mbwa. Maneno matatu au manne yanatosha. Muhtasari wa nyuma uwe kama maneno 150: nani, anataka nini, mbwa kafanya nini, kizuizi ni kipi, basi. Usifichue kiatu kikavu.

Mchoraji wa jalada mpe ukurasa wa maelezo ya mbwa, si jina la aina yake tu. Kama Hakimu ana sikio moja lililolala na doa juu ya jicho la kulia, sikio lilale na doa liwe kulia. Na kama atachorwa na kiatu mdomoni, hakikisha ni cha kushoto.